MAHKAMA YA RUFAA YA TANZANIA NA NAMNA MAJAJI WAKE WANAVYOTEULIWA
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Mara kwa mara wananchi wanaofuatilia mashauri yao hufika katika ofisi za Serikali na kuuliza maswali yanayofanana. Je, baada ya Mahkama Kuu ya Zanzibar kutoa hukumu, kuna mlango mwengine wa kubisha? Huyo Jaji Mkuu anayetajwa redioni ni yupi, wa Zanzibar au wa Tanzania? Na hao majaji wanaokuja kusikiliza rufaa wanateuliwa na nani, na kwa sifa zipi? Wapo pia wanaoamini kwamba mtu akishindwa mahkamani hana budi kuandika barua Ikulu ili hukumu ibadilishwe. Imani hiyo si sahihi, na imewapotezea baadhi ya watu muda waliopewa na sheria wa kukata rufaa. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hili kwa mpango, ili kila mmoja ajue haki yake inaishia wapi na inalindwa na nani.

MAHKAMA YA MWISHO NI IPI

Mahkama ya juu kabisa katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni Mahkama ya Rufaa ya Tanzania. Katiba ya Muungano huiandika kwa jina la Mahakama ya Rufani, na wasomaji wasidhani kuwa hizo ni mahkama mbili. Nchi nyengine huwa na chombo kinachoitwa Mahkama ya Juu. Kenya, kwa mfano, iliianzisha ya kwake kwa Katiba ya mwaka 2010, na Uingereza ikaanza kuwa na yake mwaka 2009 baada ya kazi hiyo kufanywa kwa miaka mingi na Baraza la Malodi. Tanzania haina chombo chenye jina hilo. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, ilikusudia kuanzisha Mahkama ya Juu itakayokaa juu ya Mahkama ya Rufaa, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika mwezi wa Aprili 2015 iliahirishwa. Hivyo basi, Katiba ya mwaka 1977 ndiyo inayoendelea kutumika, na neno la Mahkama ya Rufaa ndilo la mwisho.

Mahkama ya Rufaa imo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba hiyo. Mahkama Kuu ya Zanzibar, kwa upande wake, si jambo la Muungano. Katiba ya Muungano yenyewe inatamka kwamba masharti yake hayazuii kuendelea kuwepo kwa Mahkama Kuu ya Zanzibar pamoja na mahkama zilizo chini yake. Mahkama Kuu hiyo imewekwa na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, na inaongozwa na Jaji Mkuu wa Zanzibar.

Kwa hiyo wapo Majaji Wakuu wawili, na hakuna aliye chini ya mwenzake katika utawala wa kila siku. Jaji Mkuu wa Zanzibar ndiye mkuu wa Mahkama za Zanzibar. Jaji Mkuu wa Tanzania ni mkuu wa Mahkama ya Rufaa na wa Mahkama za Tanzania Bara. Pahala wanapokutana ni katika rufaa: hukumu ya Mahkama Kuu ya Zanzibar, hata ikiwa imetolewa na Jaji Mkuu wa Zanzibar mwenyewe, inaweza kupelekwa mbele ya Majaji wa Rufaa na kutenguliwa.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba rufaa za Zanzibar zilikuwa zikisafiri mbali. Katika zama za utawala wa Kiingereza, kesi iliyoamuliwa katika jengo la Mahkama Kuu pale Vuga, lililosanifiwa na John Houston Sinclair mwanzoni mwa karne ya ishirini, iliweza kupanda hadi Mahkama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki, na baadhi zikafika London mbele ya Baraza la Faragha la Mfalme. Mwananchi wa kawaida hakuwa na uwezo wa safari hiyo, wala lugha yake.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 mfumo ulibadilika. Sheria ya mwaka 1969 iliunda Mahkama za Wananchi, ambazo zilianza kazi mwaka 1970. Katika mahkama hizo mawakili hawakuruhusiwa, na rufaa ziliishia hapa hapa Visiwani. Zilikuwa karibu na watu na ziliendesha mambo kwa lugha yao, lakini aliyeshindwa hakuwa na chombo kingine cha wanasheria cha kupitia upya shauri lake.

Wakati huo huo, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Mahkama yake ya Rufaa ikaondoka nayo. Tanzania ikaanzisha Mahkama yake ya Rufaa mwaka 1979, na Jaji Francis Nyalali, aliyekuwa Jaji Mkuu tangu mwaka 1977, akawa kiongozi wake hadi mwaka 2000. Kwa upande wa Zanzibar, Katiba ya mwaka 1984 na sheria za mahkama zilizotungwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1985 ziliziondoa Mahkama za Wananchi, zikaipanga upya Mahkama Kuu, mahkama za mahakimu na Mahkama za Kadhi, na mawakili wakarudi kusimama mahkamani. Tangu hapo ngazi ya rufaa ya Mzanzibari inapanda hadi Mahkama ya Rufaa ya Tanzania.

MAMBO YASIYOVUKA BAHARI

Hata hivyo, si kila shauri linakwenda huko. Katiba ya Zanzibar imeyabakisha nyumbani mambo maalum. La kwanza ni tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe. La pili ni mambo ya dini ya Kiislamu yaliyoanzia katika Mahkama za Kadhi, kama vile ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto. Mashauri hayo, ambayo hivi sasa yanaongozwa na Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, hukatiwa rufaa ndani ya Zanzibar na kuishia hapa. Sababu yake haihitaji maelezo marefu: mirathi hugawiwa kwa mafungu yaliyotajwa katika Kitabu, na si busara amri yake ya mwisho itolewe na jopo ambalo huenda halina hata mmoja aliyeisoma elimu ya faraidhi.

Aidha, mgogoro wa tafsiri ya Katiba ya Muungano baina ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hauamuliwi na Mahkama ya Rufaa. Katiba imeuwekea Mahkama Maalum ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali moja na nusu na Serikali ya pili, na uamuzi wake unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande.

Mengineyo, yakiwemo madai ya mali, ardhi, mikataba, na makosa ya jinai, huweza kufika Mahkama ya Rufaa kwa kufuata taratibu.

NANI ANAFAA KUWA JAJI WA RUFAA

Katiba ya Muungano, katika ibara ya 118, inasema kwamba Majaji wa Rufaa huteuliwa kutoka miongoni mwa watu wenye sifa za kuweza kuwa majaji wa Mahkama Kuu ya Tanzania Bara, au wenye sifa za kuwa majaji wa Zanzibar kwa mujibu wa sheria zinazotumika Zanzibar. Maana yake ni kwamba mwanasheria wa Zanzibar ana mlango wake mwenyewe, hahitaji kwanza kupita Bara.

Kwa Tanzania Bara, sifa hizo ni kuwa na shahada ya sheria kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa, na kuwa hakimu, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au wakili wa kujitegemea, kwa muda usiopungua miaka 10 mfululizo. Muda huo ulikuwa mfupi zaidi kabla ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005. Rais anaweza kumsamehe mtu sharti la muda, iwapo ataridhika kwamba anao uwezo, ujuzi na kila linalohitajika, lakini ni lazima kwanza ashauriane na Tume ya Utumishi wa Mahkama.

Ikumbukwe kwamba Katiba haikuweka hesabu ya Majaji wa Rufaa ambao lazima watoke Zanzibar. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni pengo, kwa vile chombo chenyewe ni cha Muungano. Wapo wanaosema jaji hapimwi kwa asili yake. Hoja zote mbili zilisikika katika mjadala wa Katiba mpya, na msomaji ana haki ya kuzipima mwenyewe. Lililo dhahiri ni kwamba Wazanzibari wamekuwemo katika Mahkama hiyo na wameiongoza. Marehemu Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar katika miaka ya themanini, akaingia Mahkama ya Rufaa mwaka 1989, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na baadaye akawa Rais wa Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha. Jaji Omar Othman Makungu naye, baada ya kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar kwa miaka kadhaa, aliteuliwa kuwa Jaji wa Rufaa.

NANI ANATEUA

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, basi tuyatenganishe moja moja.

Jaji Mkuu wa Tanzania huteuliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 118 haimlazimishi Rais kupelekewa majina na chombo chochote, wala uteuzi huo hauthibitishwi na Bunge.

Majaji wengine wa Rufaa huteuliwa na Rais huyo huyo baada ya kushauriana na Jaji Mkuu.

Majaji wa Mahkama Kuu ya Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahkama. Tume hiyo ina Jaji Mkuu ambaye ni Mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji wa Rufaa mmoja, Jaji Kiongozi, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais.

Majaji wa Mahkama Kuu ya Zanzibar, akiwemo Jaji Mkuu wa Zanzibar, huteuliwa na Rais wa Zanzibar kwa utaratibu wa Katiba ya Zanzibar, ambao nao una Tume yake ya Utumishi wa Mahkama. Rais wa Jamhuri ya Muungano hateui majaji hawa.

Neno "kushauriana" lifahamike vyema. Kushauriana ni kutaka rai na kuisikiliza. Si sawa na kuamriwa. Ibara ya 37 ya Katiba ya Muungano inasema kwamba Rais halazimiki kufuata ushauri anaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Kwa hiyo uamuzi wa mwisho wa nani awe Jaji wa Rufaa ni wa Rais, na dhamana yake ni ya Rais.

Nchi nyengine zimechagua njia tofauti. Huko Marekani, Rais hupendekeza jina na Seneti hulihoji hadharani kabla ya kulithibitisha au kulikataa, na jaji akishaingia hukaa maisha yake yote akitaka. Nchini Kenya, nafasi hutangazwa, waombaji huhojiwa na Tume mbele ya macho ya watu, na Jaji Mkuu aliyependekezwa lazima akubaliwe na Bunge la Taifa. Kila njia ina gharama yake. Mahojiano ya hadhara humfanya mwananchi ajue ni nani anayepewa kiti, lakini huweza kugeuka uwanja wa siasa. Uteuzi wa kimya huepusha kelele, lakini humwacha mwananchi auone uamuzi bila ya kuziona sababu zake.

KINACHOMLINDA JAJI BAADA YA UTEUZI

Swali la haki linakuja hapa. Ikiwa Rais ndiye anayemteua jaji, je, jaji huyo ataweza kuamua dhidi ya Serikali? Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana Katiba haikutosheka na wema wa watu, bali imeweka ngome nne.

Ngome ya kwanza ni muda wa kazi. Jaji wa Rufaa hushika nafasi yake mpaka atimize umri wa miaka 65. Aliyemteua hawezi kumwondoa kwa sababu ya kuchukizwa na hukumu.

Ya pili ni utaratibu wa kumwondoa. Jaji huondolewa tu kwa kushindwa kufanya kazi yake, ama kwa maradhi au sababu nyengine, au kwa mwenendo mbaya. Na hata hapo Rais hana budi kuunda Tume ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe lazima wawe ni watu walio majaji, au waliopata kuwa majaji, katika nchi ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo ndiyo inayochunguza na kutoa ushauri iwapo jaji aondolewe au la.

Ya tatu ni mshahara. Malipo ya majaji hutoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, na hayawezi kupunguzwa kwa hasara ya jaji aliyemo kazini.

Ya nne ni ibara za 107A na 107B, zilizoingizwa katika Katiba mwaka 2000, ambazo zinaipa Mahkama kauli ya mwisho katika utoaji haki na kutamka kwamba mahkama zitakuwa huru, zikilazimika kuzingatia Katiba na sheria za nchi tu.

Ngome hizo zina mlango mmoja ambao umezua mazungumzo. Katiba inamruhusu Rais, iwapo ataona ni kwa maslahi ya umma, na jaji mwenyewe akakubali kwa maandishi, kumuongezea muda baada ya kufika miaka 65. Mwaka 2023 Jaji Mkuu Ibrahim Juma alipotimiza umri huo, aliongezewa muda na akaendelea hadi mwaka 2025, Jaji George Masaju alipochukua nafasi hiyo. Baadhi ya wanasheria walihoji kama inafaa jaji aendelee kushika kiti kwa hiari ya Serikali, ambayo mara nyingi ni mdaawa mbele yake. Wengine walijibu kwamba Katiba imesema wazi. Jambo hili linaonyesha kwamba uhuru wa mahkama unajengwa na vifungu vidogo vya sheria kama unavyojengwa na maneno makubwa.

MFANO WETU WENYEWE

Kama uhuru huo una maana, tutauona katika kesi. Kuanzia mwaka 1997 watu 18 walishitakiwa hapa Zanzibar kwa kosa la uhaini, na wengi wao wakakaa rumande kwa muda mrefu. Watuhumiwa hao waliachiwa mwezi wa Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahkama ya Rufaa ilitoa uamuzi, katika shauri linalojulikana kwa jina la SMZ dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake, kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa mamlaka ya dola ni ya Jamhuri ya Muungano.

Uamuzi huo haukumpendeza kila mtu, na mjadala kuhusu hadhi ya Zanzibar uliendelea hadi mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010. Lakini somo lake kwa mtumishi wa Serikali ni hili: Serikali ilikuwa upande mmoja wa shauri, na sheria ikatamkwa kinyume na upande huo. Siku mtumishi huyo atakapokuwa yeye ndiye mdaawa, kwa kiwanja chake au kwa ajira yake, atauhitaji uhuru huo huo.

NAMNA YA KUIFIKIA MAHKAMA HIYO

Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, na uamuzi hutolewa kwa wingi wa rai zao. Katika masuala mazito ya sheria jopo huwa na majaji watano au zaidi. Mahkama hii huja Zanzibar kufanya vikao vyake, hivyo mwananchi halazimiki kudhani kwamba kila rufaa ni safari ya Dar es Salaam au Dodoma.

Anayetaka kukata rufaa azingatie yafuatayo, kwa mujibu wa Kanuni za Mahkama ya Rufaa za mwaka 2009:

1. Notisi ya kukata rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi unaolalamikiwa. Siku zinahesabiwa tangu hukumu, wala si tangu mtu alipopata nauli au wakili.

2. Katika mashauri ya madai, rufaa yenyewe ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa notisi. Ikiwa nakala ya mwenendo wa shauri imechelewa, mrufani aombe nakala hiyo kwa maandishi ndani ya siku 30 za hukumu na ampe mwenzake nakala ya barua hiyo. Akifanya hivyo, siku zilizotumika kutayarisha nakala, kama zitakavyothibitishwa na cheti cha Msajili, hazitahesabiwa dhidi yake.

3. Baadhi ya mashauri yanahitaji kwanza cheti cha Mahkama Kuu kuonyesha kwamba kuna hoja ya kisheria. Ni vyema kuuliza mapema.

4. Mahkama ya Rufaa ikishaamua, hakuna rufaa nyengine ndani ya nchi. Kilichobaki ni kuiomba Mahkama hiyo hiyo, ndani ya siku 60, iupitie upya uamuzi wake, na hilo hukubaliwa kwa sababu chache tu, kama vile kosa la dhahiri lililomo katika kumbukumbu, kunyimwa haki ya kusikilizwa, au hukumu kupatikana kwa hila. Kutoridhika peke yake si sababu.

Barua kwa viongozi haisimamishi siku hizo hata moja. Kiongozi anayempokea mwananchi mwenye hukumu mkononi, awe Sheha, Mkuu wa Wilaya au Katibu Mkuu, anamtendea wema zaidi akimwelekeza siku hiyo hiyo katika Ofisi ya Msajili wa Mahkama Kuu kuliko akimwahidi kulishughulikia suala lake. Watumishi wote wa Serikali wanaombwa kulizingatia hilo, na wananchi wanaombwa kuweka nakala za hukumu na stakabadhi zao pahala pa salama, kwani haki iliyochelewa kudaiwa huweza kupotea ingawa ilikuwa ni haki.